Mto Ulipokuwa Kalenda

Haukkakoski hatukutundika kalenda ukutani.
Jumatatu mto ulipita buluu:
kinu kilikuwa kikitengeneza karatasi za kufungia sukari.
Alhamisi ulikuwa waridi, wa risiti za posta.
Jumapili, mashine zikipumzishwa,
ulirudia rangi yake, ya chai iliyopoa,
nasi watoto tukauangalia kama mgeni.

Nyanya yangu Hilja aliingia kinuni na miaka kumi na mitatu,
zama za matambara, kabla misunobari haijaanza kuliwa.
Alikaa ghala la juu, kisu kimekazwa mezani,
akipitisha makalini mashati ya watu asiowajua,
mashuka ya hospitali, sare za askari.
Kazi yake vifungo.
Kifungo kikiponyoka kwenye rojo huacha tundu,
na kila tundu lilikuwa na bei yake kwenye mshahara.
Siku moja alikuta koti lenye tundu tayari,
kifuani, dogo, limeungua ukingoni.
Akalikunja. Akasita.
Akalitupa pamoja na mengine.
"Likawa karatasi," alisema. "Ningelifanyaje?"
Vifungo vyake ninavyo, kopo zima la kahawa;
ukilitikisa, mvua ya mawe.

Mashine ya Tatu tuliiita Mama Mkwe:
hailali, hairidhiki, na usiku wa manane
ndipo inapokumbuka kukuita.
Ilimnyang'anya Taavetti vidole vitatu
mwaka ule barafu ilipokaza mpaka magogo yakasimama mtoni.
Wakakata mita nne za karatasi, wakazichoma.
Zilizobaki zikaviringwa, zikapakiwa,
kwa sababu meli haina jamaa wa kumsubiri.
Taavetti akanunua gazeti kila siku ya uhai wake,
akilipapasa pambizoni kwa mkono mzima
kabla hajasoma hata kichwa cha habari.
Hatukuthubutu kumwuliza anatafuta nini.

Msinielewe vibaya. Kinu kilijenga shule,
na sauna, na bendi ya tarumbeta yenye kofia nyekundu.
Kilimpa baba baiskeli, kikampa na kikohozi;
vyote viwili akavitumia hadi vikaisha.
Wakati wa mgomo duka la kinu lilifunga mikopo,
na mke wa meneja akatuletea supu kwa mlango wa nyuma,
ya samaki, haina chumvi,
machozi yakimtoka. Mpaka leo sijui
alikuwa akitulilia sisi au supu.

Barua ya kufunga ilikuja Machi.
Watu mia tatu na sita, bahasha mia tatu na sita.
Mama aliisoma mara moja, kisha akafanya
jambo ambalo kila mtu wa hapa hulifanya bila kufikiri:
akaiinua dirishani, aone alama ya maji.
Korongo wetu hakuwamo, na shingo yake ndefu.
Palikuwa na taji, la kinu kingine, ng'ambo ya bahari.
"Nyepesi," akasema, akiisugua kwa kidole gumba.
"Tena ina vumbi."
Hapo ndipo alipolia.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini sisi ndio tuliotengeneza daftari,
za benki, za forodha, za parokia,
kurasa ngapi, Mungu wangu,
na hakuna aliyebakiza hata mstari wa majina yetu.

Mto sasa safi, wataalamu wanasema; samaki wamerudi.
Mwanangu huogelea bila kujali leo siku gani.
Ghala la juu ni ukumbi wa harusi.
Mama Mkwe aliuzwa vipande vipande
kwa watu waliokuja na tepu za kupimia
wala hawakuvua kofia.

Ninayo karatasi moja yenye korongo.
Nimeitengea mengi: wosia, barua ya msamaha,
jina la mjukuu. Bado nyeupe.
Haya nimeyaandika nyuma ya bili ya umeme.